Somo: Akaunti ya msimamizi na folda zinazokataa kufunguka

Kompyuta nyingi za nyumbani hapa Nairobi zina akaunti moja tu, nayo ni ya msimamizi, yaani yenye ruhusa ya kubadilisha mipangilio ya kompyuta nzima. Baba anafanyia kazi humo, watoto wanachezea michezo humo humo, na jirani akija kuchapisha CV anatumia hiyo hiyo. Tangu Windows Vista ya 2007 kuna dirisha linaloomba ruhusa kabla ya mabadiliko makubwa, lakini kwa msimamizi linataka kubofya "Yes" tu, jambo ambalo hata mtoto analijua. Kwa akaunti ya kawaida linadai nenosiri. Tofauti hiyo ndiyo nataka uiweke nyumbani kwako leo.

Hatua ya 1. Jua msimamizi ni nani. Bofya kitufe cha Windows, andika cmd (dirisha la kuandikia amri), uchague "Run as administrator", kisha andika:

net localgroup administrators

Kama unaingia kwa akaunti ya Microsoft, usishtuke jina lako likiwa herufi tano za mwanzo wa baruapepe yako. Ile inayoitwa Administrator ilikuja na Windows na kwa kawaida imezimwa. Iache hivyo.

Hatua ya 2. Unda msimamizi mpya KABLA ya kugusa akaunti yako:

net user msimamizi * /add
net localgroup administrators msimamizi /add

Utaulizwa nenosiri, na herufi hazitaonekana ukiandika. Liandike kwenye daftari, ulihifadhi pamoja na hati muhimu za nyumbani.

Hatua ya 3. Watu huiruka hii, tafadhali usiiruke. Toka, ingia kwa akaunti mpya, ufungue cmd tena kama msimamizi. Ikikubali, nenda kwenye mipangilio ya akaunti, tafuta akaunti yako ya zamani, bofya "Change account type" na uchague "Standard User".

Sasa folda. Umewekewa Windows upya, picha za harusi ziko diski D, lakini ukizifungua unaambiwa huna ruhusa. Picha hazijaharibika. Windows haimtambui mtu kwa jina, inamtambua kwa nambari ndefu iitwayo SID, na ukiwekewa upya unapata nambari mpya hata ukijiita jina lile lile. Folda bado ni ya mwenye nambari ya zamani. Fungua cmd kama msimamizi, uandike mistari hii miwili; wa kwanza unachukua umiliki wa folda, wa pili unatoa ruhusa ya kuitumia:

takeown /f "D:\Picha" /r /d y
icacls "D:\Picha" /grant jinalako:(OI)(CI)F /t

Hapa wengi hukwama: ukiwa kwenye akaunti ya kawaida na ukafungua cmd kwa nenosiri la msimamizi, takeown inampa umiliki msimamizi, si wewe. Ndiyo maana mstari wa pili lazima utaje jina la akaunti yako, mahali palipoandikwa jinalako.

Usifanye hivi kamwe kwa C:\Windows wala Program Files. Faili nyingi za mfumo ni mali ya TrustedInstaller, huduma ya Windows yenyewe, na ukimnyang'anya umeondoa kinga uliyokuwa unaijenga.

MASWALI YA WANACHAMA

Rongai: Mwalimu, nimenunua laptopu ya mtumba Barabara ya Luthuli. Kila nikiweka programu inadai nenosiri la mtu nisiyemjua.

Jibu: Anza na aliyekuuzia, ndugu yangu. Akishindwa, tengeneza flashi ya kuwekea Windows kutoka tovuti ya Microsoft, ufute diski yote na uweke Windows upya. Lakini baada ya kuunganisha intaneti ikitaja kampuni au shule fulani na kudai uingie kwa akaunti yao, mashine bado imesajiliwa kwao, na wao ndio wenye uwezo wa kuiachilia. Irudishe, udai pesa zako. Siku nyingine mwambie muuzaji aisafishe mbele yako, uiunganishe na mtandao wa simu yako palepale dukani, ndipo utume M-Pesa.

Umoja: Kijana wangu ana mchezo unaodai nenosiri kila akiufungua. Nimpe tu?

Jibu: Usimpe, dada. Mara nyingi mchezo wa namna hiyo unataka kuandika ndani ya folda yake iliyoko Program Files. Uondoe, uuweke upya kwenye folda kama C:\Michezo.

Kasarani: Nimefuata takeown na icacls, zote zimekubali. Bado hati za ofisi hazifunguki, zina alama ya kufuli.

Jibu: Hizo zilisimbwa, yaani zilifungwa kwa msimbo wa siri, kwa EFS iliyo ndani ya Windows, na umiliki hauwezi kuzifungua. Kinachohitajika ni cheti cha akaunti ya zamani, faili inayoishia na .pfx kama uliwahi kuweka nakala. Kama Windows ya zamani bado ipo kwenye diski nyingine, usiifute. Iwashe, ingia kwa akaunti ile ile ya zamani, uondoe usimbaji huko huko, kisha uzihamishe.