Namna ya Kujiandaa kwa Mafuriko katika Bonde la Msimbazi

Wakazi wa Jangwani, Kigogo na mitaa mingine iliyo kandokando ya Mto Msimbazi jijini Dar es Salaam wanafahamu kwamba maji yanaweza kuingia ndani hata siku ambayo kwao yamedondoka manyunyu tu, kwa kuwa mto huo huanzia katika vilima vya Pugu, na mvua ikinyesha huko juu maji yake hupitia bondeni kuelekea baharini. Kwa hiyo, katika msimu wa masika na ule wa vuli, kila kaya ifuatilie taarifa za Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, na majirani waelewane na ndugu au rafiki anayeishi upande wa Pugu ili awapigie simu anapoona maji yanajaa.

Taarifa hiyo ikifika saa nane usiku, ujumbe wa simu hautamwamsha mtu. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua takriban watu 40 jijini, na kwa maoni yangu hakuna kifaa kinachozidi makubaliano ya majirani yaliyofanywa mapema. Mkutane kwa balozi wa nyumba kumi au kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, mchague ishara moja, kwa mfano filimbi, na mpange zamu ya kukesha pindi tahadhari inapotolewa. Kisha muandike orodha ya wazee, wajawazito, wagonjwa, watu wenye ulemavu na watoto ambao wazazi wao hufanya kazi za usiku, na mbele ya kila jina muweke majirani wawili, ili mmoja akiwa safarini mwingine awepo. Wawili hao wajue bibi analala chumba kipi, anatembeaje, na ufunguo wa grili umetundikwa wapi, kwa sababu nondo tunazoweka kuzuia wezi ndizo zinazomfungia mtu ndani maji yanapopanda.

Vyeti, vitambulisho na mikataba ya pango vifungwe ndani ya mifuko miwili ya plastiki na kuwekwa juu, pamoja na tochi na dawa za wenye kisukari au shinikizo la damu. Umeme uzimwe kwenye swichi kuu kabla maji hayajaingia. Ukishasimama ndani ya maji, usiiguse.

Njia ya kutokea isikulazimu kuvuka bonde, kwa kuwa Barabara ya Morogoro hufungwa mara kwa mara pale Jangwani. Aliye upande wa Magomeni apande Magomeni, na aliye upande wa Kariakoo apande Kariakoo. Maji yanayokwenda kasi, hata yakiwa na kina cha sentimita 15 tu, yanaweza kumwangusha mtu mzima, na chini yake huwezi kuona mtaro ulipo. Anayehitaji kuokolewa apigiwe Jeshi la Zimamoto na Uokoaji kwa namba 114, akitajiwa mtaa na alama inayojulikana, kama vile msikiti au shule.

Maji yakishapungua, chukulieni kwamba vyoo vya shimo vimefurika na kuchafua visima. Maji ya kunywa yachemshwe au yatiwe dawa, vyombo vyote vioshwe upya, na anayeharisha apewe maji ya chumvichumvi (ORS, mchanganyiko wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini) huku akipelekwa zahanati bila kusubiri kupambazuke. Umeme usiwashwe hadi fundi akague nyaya.