Kabla Hujachagua Programu ya Kujijazia Kodi Marekani: Mambo ya Kuzingatia

Januari ikianza, matangazo ya programu za kodi hutapakaa kwenye televisheni na simu, na karibu yote yanatamba kwa neno moja: bure. Ndugu yetu aliyeko Columbus, Lowell, Louisville au Dallas, aliyechoka na zamu za usiku, hushawishika kufungua ile ya kwanza inayojitokeza, kupiga picha W-2 yake (taarifa ya mshahara wa mwaka kutoka kwa mwajiri) na kungojea pesa. Ushauri wangu ni kwamba programu ichaguliwe mwisho. Karatasi zako, hali yako ya ukazi na mambo uliyoyaacha nyumbani Afrika ndivyo vinavyoamua ni programu ipi itakufaa, ipi itakutoza pesa katikati ya safari, na ipi haiwezi kabisa kutoa ritani, yaani taarifa ya kodi unayoituma serikalini, iliyo sahihi kwako.

Basi anza na karatasi. Mwajiri anatakiwa kutuma W-2 kufikia Januari 31, na aliyekulipa kama kibarua anayejitegemea anatakiwa kutuma 1099-NEC kufikia tarehe hiyo hiyo. Wanaofanya kazi za kutunza wazee kupitia mawakala wawili au watatu wahesabu W-2 zao kwa vidole, maana ile ya wiki mbili ulizofanya mwezi Machi na kuacha ndiyo husahaulika, na IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani, wao wanayo nakala. Kama bima yako ya afya uliinunua kwenye soko la bima la serikali, tafuta Fomu 1095-A. Ikikosekana, ritani uliyoituma kwa mtandao hurudishwa. Mwanafunzi atafute 1098-T, taarifa ya karo kutoka chuoni, na mwenye akaunti ya akiba atafute 1099-INT, taarifa ya riba kutoka benki. Usitume mpaka ziwe zimekamilika, kwa sababu kusahihisha baadaye kwa Fomu 1040-X kunachosha kuliko kungoja wiki mbili.

Ukishazipanga mezani, utaona mwenyewe uko kundi gani. Mwenye W-2 moja au mbili, watoto wawili na nyumba ya kupanga ana ritani nyepesi, na toleo la bure la kampuni nyingi litamtosha. Dereva wa Uber au dada anayesuka nywele nyumbani ni mfanyabiashara mbele ya sheria. Akibaki na faida ya dola 400 au zaidi ni lazima awasilishe ritani, ajaze Schedule C (jedwali la mapato na gharama za biashara), alipe na kodi ya kujiajiri ya asilimia 15.3. Hapo ndipo neno bure linapoyeyuka. Kampuni nyingi hukuacha uanze bila malipo, ujaze majina, anwani, watoto na mishahara, kisha ukigusa tu kipato cha 1099 unaambiwa upande daraja la kulipia. Umeshatumia saa mbili, usingizi unakubana, unalipa. Mwaka 2022 kampuni ya Intuit, inayotengeneza TurboTax, ilikubaliana na majimbo yote 50 pamoja na Washington, D.C. kulipa dola milioni 141, baada ya kudaiwa kuwa iliwavuta watu wa kipato cha chini walipie huduma waliyostahili kupata bure. Kwa hiyo kabla ya kuandika hata jina lako, tafuta ukurasa wa bei wa programu hiyo, soma orodha ya fomu zinazoingia kwenye toleo la bure, uilinganishe na karatasi zilizo mezani. Kama fomu yako moja haimo, wewe si wa bure hapo.

Bure ya kweli ipo. Tangu 2003 IRS wana mpango wa Free File, ambapo kampuni kadhaa huwapa programu zao bila malipo watu ambao kipato chao hakizidi kikomo fulani. Kwa ritani za mwaka 2024 kikomo kilikuwa dola 84,000. Wengi wetu tumo humo. Sharti ni uingie kupitia tovuti ya IRS yenyewe, irs.gov. Ukienda moja kwa moja kwenye tovuti ya kampuni, unaweza kuangukia bidhaa nyingine ya kampuni hiyo hiyo, yenye bei. Pia usitafute humo majina makubwa ya matangazo: H&R Block walijitoa mwaka 2020, Intuit wakafuata 2021. Yupo aliyewahi kutumia Direct File, programu ya serikali iliyojaribiwa katika majimbo 12 mwaka 2024 na kufika majimbo 25 mwaka 2025. Hiyo haikuendelea msimu wa 2026, kwa hiyo ukikuta kiungo kinachodai kukupeleka huko, kiepuke. Nje ya Free File kuna FreeTaxUSA, ambayo haitozi ritani ya serikali kuu na hutoza kiasi kidogo kwa ya jimbo, na Cash App Taxes, isiyotoza zote mbili lakini haimfai mtu aliyefanya kazi katika majimbo mawili.

Sasa nije kwenye jambo linaloumiza watu kimyakimya, hasa wanafunzi. Je, kwa sheria ya kodi wewe ni mkazi au si mkazi? Mwenye Green Card ni mkazi. Asiye nayo huhesabiwa siku alizokaa nchini. Lakini mwanafunzi wa viza ya F-1 au J-1 kwa kawaida siku zake hazihesabiwi katika miaka 5 ya kalenda ya mwanzo, hata kama hajatoka Marekani siku moja. Ritani yake ni 1040-NR, ile ya wasio wakazi, akiambatanisha Fomu 8843 inayoeleza kwa nini siku zake hazihesabiwi, na asiyepata kipato chochote hutuma 8843 peke yake. Programu nyingi zinazotangazwa hazina 1040-NR. Wala hazitakufungia mlango. Zitakuuliza maswali ya mkazi, utayajibu, na mwishoni zitatoa Fomu 1040 ya wakazi, safi, yenye punguzo la kawaida, yaani sehemu ya kipato isiyotozwa kodi, ambalo kwa mwaka 2024 lilikuwa dola 14,600, wakati wewe hustahili hata senti yake. Ritani itapokelewa, rifandi (kodi unayorudishiwa) itaingia, na kasoro inaweza kujitokeza miaka baadaye, siku unapoomba kubadilisha hali yako ya uhamiaji. Uliza ofisi ya wanafunzi wa kigeni chuoni kwako kabla ya kugusa programu yoyote. Vyuo vingi hununua nafasi kwenye Sprintax, iliyotengenezwa kwa ajili ya wasio wakazi, na kuwapa wanafunzi wao.

Vivyo hivyo aliyeshinda bahati nasibu ya Green Card akatua Agosti. Mwaka huo kodi humtazama kama mtu wa hali mbili: si mkazi mpaka Agosti, mkazi kuanzia hapo. Programu za kawaida haziwezi ritani ya namna hiyo. Wanandoa wana njia ya kuchagua kuhesabiwa wakazi kwa mwaka mzima, lakini hutakiwa kuambatanisha tamko walilolisaini wote wawili, na uchaguzi huo unaingiza mapato yao ya mwaka mzima, yakiwemo ya nyumbani. Kwa mwaka wa kwanza kama huo, mtu mwenye ujuzi ni bora kuliko programu.

Halafu kuna mambo ya nyumbani. Mkazi wa kodi wa Marekani hutozwa kwa mapato yake popote duniani. Pango unalopokea kwa nyumba yako ya kupangisha Kitengela au Kigamboni ni kipato cha kutajwa. Riba ya akaunti ya muda maalumu na gawio la Sacco navyo ni hivyo hivyo. Marekani haina mkataba wa kodi ya mapato na Kenya, Tanzania, Uganda wala Kongo, kwa hiyo usitegemee mkataba ukukinge. Kinga iliyopo ni Fomu 1116, inayokuwezesha kupunguziwa kwa kodi uliyokwisha kulipa KRA au TRA; weka risiti zao. Kama una mapato ya aina hii, tafuta kwenye orodha ya programu kama inayo 1116 na Schedule E (jedwali la mapato ya kupangisha), na kama inakubali anwani ya nyumba iliyo nje ya Marekani.

Pamoja na hayo, jumla ya akaunti zako zote za nje ikizidi dola 10,000 siku yoyote ndani ya mwaka, hata kwa saa chache kabla ya kumlipa fundi wa ujenzi, unatakiwa kuwasilisha FBAR, taarifa ya akaunti za nje. Hii haiendi na ritani. Hupelekwa kwa taasisi nyingine ya Wizara ya Fedha, FinCEN, kwenye tovuti yake, bila malipo, na hata kama akaunti haikuzaa riba yoyote. Mtu anaweza kumaliza ritani yake vizuri, programu ikampongeza, na bado FBAR iko vilevile haijatumwa.

Wategemezi nao. Mtoto anayeishi Kigoma au Bukavu, asiye raia wala mkazi wa Marekani, hawezi kuwa mtegemezi wako kwenye ritani, hata kama karo, chakula na dawa zake vyote vinatoka mfukoni mwako. Pesa unazomtumia mama kila mwezi hazipunguzi kodi pia. Najua inauma, maana hiyo ndiyo pesa tunayoihangaikia kuliko zote. Aliyeacha mume au mke nyumbani asibonyeze “sijaoa” au “sijaolewa” kwa sababu tu anaishi peke yake hapa. Ndoa ni ndoa. Kama mwenza hana namba ya Social Security na mnataka kujaza pamoja, ataombewa ITIN, namba ya kodi ya asiye na Social Security, kwa Fomu W-7, na kwa kawaida ombi hilo huambatanishwa na ritani ya karatasi. Kwa hiyo mwaka huo, ile programu uliyoipendea kutuma kwa mtandao utaitumia kuchapisha tu.

Katika yote hayo, programu inauliza na wewe unajibu. Kampuni nyingi hutangaza dhamana ya usahihi, lakini isome: hufidia faini inayotokana na kosa la hesabu za programu. Jibu lisilo la kweli ni mzigo wa aliyesaini. Ndiyo maana swali usilolielewa usilibahatishe kwa Kiingereza cha kukisia. Ukifungua programu na maswali yake yakawa yanakupita, nenda VITA, huduma ya watu wa kujitolea iliyoanza mwaka 1969. Huwajazia bure watu wa kipato cha chini na cha wastani, na wenye Kiingereza kidogo wametajwa waziwazi miongoni mwa walengwa. Vituo vyake viko kwenye maktaba na vyuo, na baadhi vina wajuzi wa ritani za wanafunzi wa kigeni. Hiyo ni salama mara nyingi kuliko yule mtu wa mtaani anayechukua asilimia ya rifandi yako na kukataa kuweka saini na PTIN, namba ambayo IRS humpa anayelipwa kujaza kodi. Anayelipwa kujaza kodi lazima asaini. Asiyesaini amekuachia wewe lawama zote.

Majimbo sitayakalia sana. Texas, Florida, Washington na Tennessee hayana kodi ya mshahara, kwa hiyo usikubali kuuziwa ritani ya jimbo usiyoihitaji. Aliyehama kutoka Maine kwenda Iowa katikati ya mwaka ana ritani mbili za majimbo, na kampuni nyingi hutoza kila moja. Walioko Ohio waangalie pia kodi ya mji. Columbus hutoza asilimia 2.5, na programu nyingi hazishughuliki na ritani za miji.

Majina yanahitaji uangalifu zaidi kuliko watu wanavyodhani. Mkongo aliyesajiliwa kambini kwa majina matatu yaliyopinduliwa, au mtoto aliyeandikiwa kuzaliwa Januari 1 kwa kuwa tarehe haikujulikana, ajazwe kama rekodi za Social Security zinavyosema, herufi kwa herufi. Zisipolingana, ritani hurudi. Andaa pia AGI (kipato chako kilichorekebishwa) ya mwaka uliopita, maana ndiyo inayotumika kama saini ya kutumia mtandaoni. Kwenye Fomu 1040 ya 2024 iko mstari wa 11. Ambaye hakuwasilisha ritani mwaka uliopita huandika 0.

Karibu na mwisho utaletewa kurasa mbili za kusoma taratibu. Moja huomba idhini ya kutumia taarifa zako kwa matangazo na mikopo. Kifungu 7216 cha sheria ya kodi kinazuia kampuni kufanya hivyo bila ruhusa yako, na ukikataa ritani inaendelea kama kawaida. Nyingine hujitolea kukata bei ya programu kwenye rifandi yako. Inaonekana msaada, lakini huongeza ada nyingine, na rifandi hupitia kwanza benki ya kati kabla haijafika kwako. Weka namba ya akaunti yako mwenyewe, uzisome namba zake mara mbili. Rifandi nyingi zilizotumwa kwa mtandao hufika ndani ya siku 21. Zenye EITC, nafuu ya kodi kwa wafanyakazi wa kipato cha chini na cha wastani, hazitolewi kabla ya katikati ya Februari hata ukituma siku ya kwanza, kwa hiyo mkopo wa kuitangulia usiuchukue kwa haraka.

Aprili ikifika na karatasi hazijakamilika, tuma Fomu 4868, ombi la kuongezewa muda, kupitia Free File, ambako kwa fomu hiyo kipato hakiulizwi. Utapewa mpaka Oktoba 15 kuwasilisha ritani, ila kama unadaiwa, pesa zilipwe kufikia Aprili 15. Na ukishatuma, pakua PDF ya ritani yote pamoja na uthibitisho kwamba imepokelewa, uviweke nje ya akaunti ya kampuni hiyo. Mwakani unaweza kuhamia programu nyingine, na afisa wa uhamiaji au wa mkopo wa nyumba ataziomba nakala zilezile.