Wavu wa Kuzuia Nungunungu Usiishie Juu ya Ardhi

Mkulima ananunua wavu wa chuma kwa pesa nyingi, anaukaza vizuri kwenye nguzo, halafu anaukomesha usawa wa ardhi. Asubuhi anakuta karanga zimefukuliwa na shimo limepita chini ya uzio. Tumelisema hili mara nyingi, na bado linarudiwa.

Nungunungu hana habari na urefu wa uzio wako. Hupita usiku kwa njia zake zilezile, na akizuiwa na wavu huufuata kandokando, pua chini, hadi apate udongo laini. Hapo huchimba, tena kwenye kitako cha wavu penyewe. Ndiyo maana wavu lazima uende chini, kisha ukunjwe kuelekea nje.

Chukua wavu wenye upana wa sentimita 150 na matundu yasiyozidi sentimita 5. Sentimita 90 zibaki juu, 30 zishuke wima, 30 za mwisho zilale chini zikielekea nje ya shamba. Kwa hiyo mtaro uwe na kina cha sentimita 30 na upana wa 30, upande wa nje wa nguzo. Ukikunja kwa ndani umepoteza kazi yote: atachimba nje, apite chini ya ncha ya wavu, aibukie kwenye matuta. Rudishia udongo kidogo kidogo ukishindilia. Udongo uliolegea unamwita. Wavu mwembamba wa banda la kuku usiutumie, meno ya nungunungu ni ya kutafuna mifupa.

Getini ndipo wengi wanapozembea. Fukia gogo au mawe chini ya geti, na upenyo usizidi sentimita 5.

Mtaro uchimbwe udongo ukiwa na unyevu, kabla karanga hazijafikisha siku 45 tangu kupandwa. Usisubiri maganda yajae. Akishaonja atarudi kila usiku, na udongo wa Dodoma ukishakauka sururu hudunda. Karanga ulizong'oa usizilaze shambani nje ya uzio.

Sumu usitege kabisa: inaua mbwa na mifugo. Kumwinda bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009, kwa hiyo muone kwanza afisa wanyamapori wa wilaya.

Uzio ukifaulu utaona mikwaruzo nje tu. Hata hivyo, zunguka kila asubuhi na ushindilie upya palipochokonolewa siku hiyohiyo.