Somo la usalama mtandaoni: anza na simu ya mama

Watoto wengi ninaowafundisha shule ya msingi hawana simu zao. Huazima ya mama akiwa jikoni, au ya baba akilala. Kwa hiyo, mwalimu mwenzangu, usianzie darasani. Anza na wenye simu.

Hatua ya 1: Wazazi, kila mtu na simu yake

Saa moja ya Jumamosi inatosha. Usihutubie. Kwenye WhatsApp waingie mipangilio, faragha, kisha magrupu, waruhusu kuingizwa na watu waliowasevu tu. Halafu wawashe uthibitishaji wa hatua mbili, ule wenye PIN ya tarakimu 6.

Waeleze sababu. Mtoto ameshika simu, unaingia ujumbe: "Samahani, namba zangu zimekuja kwako kimakosa, nirushie." Namba hizo ndizo za kufungulia WhatsApp ya mama kwenye simu nyingine. Akizirusha, akaunti ya mama imeondoka, na jioni ndugu wote wanaombwa hela kwa jina lake. Matapeli hao ni wa ukoo mmoja na wale wa "ile hela tuma kwenye namba hii", ambao SMS zao hapa Tanzania unazipeleka 15040.

TikTok ni kuanzia miaka 13. Aliye chini ya hapo, akaunti ifungwe.

Hatua ya 2: Watoto na ubao

Nachora picha ya mtoto aliyesimama getini: sare, nembo kifuani, nyuma yake daladala iliyoandikwa njia. Nauliza, "Mtu asiyemjua akiiona, amejua nini?" Mikono inapanda: shule yake, gari analopanda. Siku moja binti wa darasa la tano akasema, "Mwalimu, amejua hata saa," akanyoosha kidole kwenye kivuli kifupi nilichokichora miguuni bila kukusudia. Tangu hapo nakichora kwa makusudi.

Hatua ya 3: Sentensi mbili

Hapa usikimbie. Mzazi na mtoto wakae wakitazamana. Mtoto aseme kwa sauti: "Mama, kuna kitu kimenitokea kwenye simu." Mama ajibu: "Umefanya vizuri kuniambia."

Jibu hilo huwapa wazazi shida. Wengi linalowatoka kwanza ni "Nani kakuruhusu kushika simu yangu?" Na mtu mbaya anaitegemea hasira hiyo hiyo, ndiyo maana humwambia mtoto, "Usimwambie mama, atakunyang'anya." Rudieni mpaka jibu litoke bila kukunja uso.

Hatua ya 4: Likishatokea

Msifute kitu. Pigeni picha ya skrini ya ujumbe, namba na jina la akaunti, ndipo mumbloku. Lakini kama kuna picha ya utupu ya mtoto, msiinakili wala kuisambaza, hata kwenye grupu la wazazi kwa nia ya kutahadharisha. Kila anayeipokea anamuumiza mtoto upya. Nendeni na simu yenyewe polisi, Dawati la Jinsia na Watoto. Namba 116, ya simu ya msaada kwa watoto, ni ya bure, Tanzania na Kenya.

Wewe mwalimu, usimhoji mtoto mbele ya wenzake. Muulize kwanza anataka nani akae naye.