Kubadili klachi ya Land Rover Series III nyumbani

Klachi ikiteleza mlimani Kitonga, injini inalia ila mwendo hauongezeki, kagua kwanza kama pedali inarudi hadi juu. Kama inarudi, chomoa betri, ng'oa sakafu na boksi la viti. Giaboksi hutolewa kupitia ndani ya gari, na ni nzito, tafuta winchi na msaidizi.

Vumbi la pleti za klachi za zamani huweza kuwa na asbesto, nyuzi zinazodhuru mapafu: usilipulize, futa kwa kitambaa chenye maji.

Badili pleti, presha pleti (inayoibana pleti) na rilisi beringi (inayoiachia ukikanyaga pedali) kwa pamoja. Pleti ikiwa na oili, sili ya nyuma ya krenki (shafti kuu ya injini) au ya mbele ya giaboksi inavuja. Ukiiacha sili hiyo, pleti mpya nayo itateleza. Weka pleti katikati kwa shafti kuukuu ya giaboksi, ndipo ukaze bolti za presha pleti kwa mshazari, kidogokidogo. Giaboksi ikigoma kuingia, huenda pleti haijakaa katikati. Usiivute giaboksi kwa bolti, utapinda pleti.