Kituo cha wazee mtaani: anza na choo, kisha daftari la wasiokuja

Watu wakitaka kufungua kituo cha wazee hukimbilia rangi ya ukuta na televisheni. Mie nasema anza na choo. Mzee asiyejua atajisaidia wapi hanywi maji tangu asubuhi, na ikigonga saa nne keshaaga, anakwambia nyumbani ana mgeni. Hana mgeni wala nini. Anakimbia choo cha kuchuchumaa, magoti hayakunjiki tena.

Hapa kwetu Makorora, Tanga mjini, hatukubomoa kitu. Fundi wa kuchomelea alitutengenezea kiti cha bomba chenye tundu katikati, kinakaa juu ya shimo lile lile. Pembeni akafunga bomba la kushikia kwa bolti zilizopenya ukuta hadi upande wa pili. Msumari wa zege usiukubali, maana siku mzee akiteleza ataning'inia hapo kwa uzito wake wote. Na urefu wa bomba usikisie: mkalishe mzee, mwambie ainuke, na pale mkono wake unapopapasa ndipo utie alama ya chaki. Sakafu ya niru, ile saruji iliyolainishwa ikang'aa, nayo inapendeza ikiwa kavu, ikilowa ni sabuni. Ya chooni na ya mlangoni mwambie fundi aikwangue, aipige upya kwa mchanga mkali na kuiacha na mikwaruzo.

Viti vile vile. Mabenchi ya baraza za kahawa ni mafupi, mzee anakaa vizuri, shughuli iko kwenye kuinuka. Tafuta viti vya urefu wa sentimita 45 hivi, vyenye mikono.

Sasa daftari. Kila kituo kina daftari la mahudhurio, mgeni rasmi akija anafunuliwa anasifu. Lenye faida zaidi kwangu ni la pili, la wasiokuja. Tumewapanga wazee kwa mitaa wanakotoka, na kila mtaa una mwita wake, naye ni mzee kama wao ila miguu bado inamtii. Mtu akikosa kuonekana mara mbili mfululizo, mwita anakwenda kupiga hodi siku hiyo hiyo. Haendi kumuuliza mbona huji. Anakwenda kumjulia hali, anakaa, anaangalia. Akirudi anaandika neno moja tu: mguu, nauli, msiba, mjukuu, macho, kanuna. Hilo la mwisho msilipuuze, wazee wananuna kwa mchezo wa dhumna kuliko kwa mirathi.

Maneno hayo yakijirudia yanakuonyesha pa kushika. Tulipoona "mjukuu" limejaa upande wa kina mama, tulielewa kwamba bibi ameachiwa mtoto, mama mtu yuko sokoni. Tukatandika mkeka wa watoto pembeni, bibi aje na mjukuu wake. "Nauli" tulizungumza na kijana wa bajaji, anawapitia wa mbali kwa mkupuo, malipo kwa wiki. "Macho" ni suala la kliniki, na mara nyingi ni mtoto wa jicho, ambao unaondolewa kwa upasuaji. Wengi wanadhani ndio uzee wenyewe, wanakaa gizani bure.

Kina mama ndio mtihani. Ukiweka bao, karata na kahawa ukumbini, umefungua kijiwe cha wanaume, na hakuna bibi atakayekatiza hapo na ukaya wake. Usiwalazimishe kuchanganyika. Sie tuliwapa baraza ya uani, upande wenye kivuli cha mwembe, na kazi ya mikono: kofia na ukili, ule mkanda wa kusuka unaoshonwa kuwa mkeka. Wenyewe ndio walioanza kusogea, kwanza kwa ajili ya redio. Ikipigwa taarabu ya zamani ya hapa hapa Tanga, ya Black Star au Lucky Star, pande zote mbili zinaitikia, na ubishi unaanza nani alikuwepo ukumbini Shakila alipoimba.

Huku kwa kina mama kuna bibi ambaye kumbukumbu zimemwacha. Jina langu ananiuliza kila anapofika, na mie namjibu upya kila mara. Lakini mpe miyaa, yale majani ya kusukia. Anaipasua kwa ukucha wa kidole gumba, anailowesha, anaipanga, na ukili unatoka umenyooka, kingo zote sawa. Binti aliyekuja kujifunza akikosea mkunjo, bibi anampiga kikofi cha mkono bila hata kumtazama, anafumua, anasuka tena. Kwa hiyo kwenye orodha yetu ya majukumu yeye ni mwalimu wa ukili, na tunamwita Mwalimu.

Nakusudia hivi: kila mzee awe na kazi yenye jina. Mshika funguo, mpika kahawa, mwita, mwamuzi wa bao, msoma barua. Tuna babu mstaafu wa reli anayepanga makaratasi ya wenzake kwa mpangilio wa kuogopesha. Mtu haji kila siku kutumbuizwa, ila atakuja ikiwa funguo anazo yeye na wenzake wamesimama mlangoni.

Babu huyo ndiye anayeshughulikia matibabu. Kwa Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003, mzee ni mwenye miaka 60 na kuendelea, na asiye na uwezo anastahili kutibiwa bure. Ili atambuliwe kuna kupita kwa mtendaji wa mtaa na kwa ofisa ustawi wa jamii, na hapo wengi hukwama kwenye tarehe ya kuzaliwa. Cheti hana. Babu anauliza kwa matukio: wakati wa Vita vya Kagera, 1978 na 1979, ulikuwa wapi? Aliyekuwa tayari ana mtoto mgongoni, 60 kaipita zamani. Anaandika, anatafuta mashahidi wa rika moja, ndipo anampeleka. Hapo hakosekani mwenye ndugu Pemba wa kukumbusha kwamba Zanzibar aliyefika miaka 70 anapata pensheni jamii tangu 2016, na sie wa bara je? Swali lake ni la haki, lipelekeni kwenye baraza la wazee la kata, lakini lisile asubuhi nzima.

Muuguzi akija kupima presha, kahawa isubiri. Nasisitiza kwa sababu kahawa chungu ndiyo ya kwanza kunukia hapa. Nusu saa kabla ya kupimwa mtu asinywe kahawa wala asivute sigara. Akae dakika tano, mgongo umeegemea, nyayo zote chini, mkono wazi juu ya meza, na asipige soga. Ikisoma 140 kwa 90 au zaidi, si ya kumtangazia mbele za watu. Iandikwe kwenye kadi yake, apimwe tena siku nyingine, na ikiendelea aende kituo cha afya na kadi mkononi. Mazoezi ni mafupi: kuinuka kitini na kukaa mara kumi, taratibu, mwenye kizunguzungu apumzike.

Fedha. Mifuko iwe miwili na isionane: wa kahawa na wa mazishi. Wa kahawa ni shilingi 500 kwa wiki, asiyenacho hatoi na haulizwi. Wa mazishi unakaa kwenye sanduku la kufuli tatu, funguo kwa watu watatu wasio wa nyumba moja, na linafunguliwa mbele ya wanachama tu. Wenye katiba na usajili wa halmashauri wataulizia mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri. Ile imegawanywa 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu, na wazee kama wazee hawamo. Basi kina bibi waunde kikundi chao cha mikeka na waombe kama wanawake, hakuna aliyesema mwanamke ana kikomo cha umri.

Wageni wenye zawadi na kamera tunawapokea, ila mzee anaulizwa kwanza kama anataka kupigwa picha, na sabuni hazigawiwi huku kamera inawaka.

Ratiba isiwe ya msumari. Mwezi wa Ramadhani tunafungua baada ya alasiri na kufunga mapema watu wawahi kufuturu. Wasiofunga wana chai yao chumba cha ndani. Masika, Machi hadi Mei, bajaji haiingii vichochoro vyote, kwa hiyo siku za kukutana hupunguzwa na waita huongezewa nyumba za kupitia. Kabla ya mvua hizo panda darini mwenyewe, au mpandishe kijana, uone bati lipi limekula kutu.