Biskuti za Idi na watoto: bila yai, bila fujo nyingi, hatua kwa hatua

Kumi la mwisho la Ramadhani likishaingia hapa Mombasa kila mtaa wanukia iliki na siagi, na watoto wakitoka madrasa wanakuja moja kwa moja jikoni, mama na mimi nataka kupika, mama nipe unga. Wengi wetu twawafukuza. Mimi hupika biskuti za oda kila Ramadhani na zile za biashara nazifanya usiku wamelala, hapo sitaki mkono wa mtu, lakini batch moja ni yao, na hio ndio nitaieleza hapa.

Kabla ya kitu chochote elewa hivi, shida ya kupika biskuti na watoto kwetu sio watoto, ni joto. Jikoni saa kumi wakati wa kaskazi siagi yayeyuka ukiiangalia tu, alafu mikono ya mtoto nayo ni moto, kwa hivyo ule unga ukikaa mkononi mwake dakika tano ushageuka mafuta na biskuti zikiingia ovenini zatambaa zote zashikana. Kila hatua hapa chini nimeipanga kwa sababu hio.

Vitu vyenyewe, vyatoa biskuti kama hamsini ndogo:

Unga wa ngano vikombe 3 na nusu, ule mweupe wa kawaida, usitie atta, ule wa ngano nzima.
Kastadi pauda nusu kikombe.
Siagi au margarini gramu 250.
Samli vijiko vikubwa 3.
Sukari ya unga kikombe 1 na nusu.
Bekingi pauda kijiko kidogo 1, na chumvi kidogo sana.
Iliki nzima kama 10, na arki ya vanila kijiko kidogo 1.
Ya kupamba: zabibu, lozi, zile punje za rangi, chochote mlicho nacho.

Kikombe nachosema ni cha mililita 250 lakini hata ukitumia kikombe cha chai sawa, mradi kiingie kiasi hicho hicho, maana siagi yapimwa kwa gramu. Margarini soma mkebe, ile laini ya kupaka mkate yenye mafuta machache ina maji mengi na biskuti haitakaa umbo, nunua ya kupikia. Sukari ya kawaida usitie hivyo hivyo, punje kubwa zafanya biskuti itambae, isage kwa blenda mpaka iwe vumbi. Na iliki jamani msinunue ya kusagwa, nenda sokoni Marikiti uchukue nzima, mpe mtoto mkubwa kinu atwange na sukari kijiko kimoja ndani ili isikimbie. Hio kazi pekee itamshughulisha kitambo.

Hakuna yai na nimefanya makusudi, mtoto mdogo atalamba mkono hata umwambieje. Ila usidhani unga mbichi ndio salama, nao pia unaweza kubeba vijidudu vya kuumiza tumbo, kwa hivyo sheria ya nyumba ni hailiwi kitu mpaka iive, na kwa wale wanaofunga sheria ishajisimamia yenyewe.

Hatua ya 1, saa na mahali. Mkisha swali alasiri ndio muanze, mpaka magharibi ya saa kumi na mbili na nusu treya ya kwanza itakuwa ishapoa na wafungue nayo. Usiwapandishe watoto kwenye stuli karibu na jiko. Tandika mkeka chini, leso kuukuu juu yake, sinia kubwa katikati, wakae kuizunguka. Unga ukimwagika wamwagika kwenye leso, unaikung'uta nje basi.

Hatua ya 2, kupepeta. Hii ni kazi ya mdogo kabisa, hata wa miaka mitatu aweza. Mpe chekecheke, mtilie unga, kastadi, bekingi pauda na chumvi kidogo kidogo, sio vyote mara moja maana ataujaza mpaka umwagike pembeni.

Hatua ya 3, siagi na sukari. Hapa ushike mwenyewe au mpe wa miaka minane kwenda juu. Siagi itoe kwenye friji robo saa tu kabla, ukibonyeza kidole chaacha shimo lakini hakitoki na mafuta, hapo ndipo. Ikishaanza kung'aa irudishe. Tia samli, sukari, iliki na vanila, piga kwa mwiko mpaka iwe nyeupe na nyepesi, mikono ikichoka mpokezane.

Hatua ya 4, kuchanganya. Tia unga kwa mafungu matatu na mkusanye kwa ncha za vidole. Sasa watoto wote wataka kukanda kama wanavyoona chapati zakandwa, na hapa ndipo uwe mkali, chapati yataka kukandwa ivutike lakini biskuti ikikandwa sana yawa ngumu, haimung'unyuki mdomoni. Ukishaona umeshikana na bakuli limebaki safi, basi, mikono juu kila mtu. Ukiwa mkavu wapasuka ongeza kijiko cha samli, usitie maji.

Hatua ya 5, friji nusu saa. Usiutie kama mpira, ubonyeze uwe bapa kwenye sahani ndio baridi iingie haraka, na uugawe vipande vinne. Kimoja ndio kitatoka, vitatu vikae ndani. Hii ya kugawa ndio siri yenyewe kwa watoto, wakicheza na kipande chao mpaka kikawa laini unawabadilishia, chao charudi friji, chengine chatoka, na hakuna anayelia. Wakati wa kungoja waoshe mikono, wapasue zabibu, wapake treya samli.

Hatua ya 6, miezi. Kila mtoto ataka nyota na moyo na gari lakini sio lazima ununue vikatio, chukua kikombe cha kahawa, kile kidogo kisicho na mkono. Sukuma unga uwe unene wa kidole kidogo cha mtoto, ukisukuma mwembamba waungua, mnene sana wabaki mbichi katikati. Chovya mdomo wa kikombe kwenye unga mkavu, kata duara. Usiondoe bado. Sogeza kile kikombe upande kidogo, kama upana wa kidole gumba, ukate tena juu ya duara lile lile. Utapata mwezi mwandamo, na kile kipande kilichobaki katikati chafanana jani la mwembe, wetu walikitilia zabibu wakasema ni samaki. Umpe mtoto ashike kikombe na wewe ushike mkono wake ile mara ya kwanza tu, ya pili atakufukuza.

Wale wadogo wasioweza kikombe wafinye vijitonge kama ndimu ndogo, waweke kwenye treya wabonyeze na uma. Miezi na vijitonge usichanganye treya moja, haviivi pamoja. Acha nafasi ya vidole viwili kati ya biskuti na biskuti. Lozi nzima zisiwe za mtoto wa chini ya miaka mitano, zaweza kumkwama kooni, za kwake zisage kabisa.

Zikiwa zimeshapangwa, treya nzima irudi friji dakika kumi. Najua wataona umri umeisha lakini usiruke hii.

Hatua ya 7, kuoka. Oveni digrii 165, iwe ishapata moto kabla, treya ya katikati, dakika 14 mpaka 17. Usingoje ziwe kahawia juu, inua moja kwa kisu uangalie tumbo lake, likiwa limeanza rangi ya dhahabu toa. Zitakuwa laini bado na hapo wengi wanazirudisha wakidhani hazijaiva, ziache, zitajikaza zikipoa. Watoto wakae mbali, kazi yao hapa ni kuangalia saa.

Huna oveni au stima imepotea, tumia makaa. Sufuria kubwa nzito, tia mchanga mkavu chini unene wa vidole viwili, juu yake kibati au sufuria ndogo iliyogeuzwa, funika upate moto robo saa. Tia sahani ya bati yenye biskuti, funika, upalie makaa machache juu ya kifuniko. Moto wa juu uwe zaidi ya wa chini kidogo, la sivyo zitaungua tumbo juu bado nyeupe. Chungulia baada ya dakika kumi. Jiko liwe uani au nje kabisa, makaa ndani ya nyumba iliyofungwa yatoa moshi usioonekana na waua.

Hatua ya 8, kupoa na kuweka. Dakika tano kwenye treya, kisha zihamishe kwenye wavu au karatasi. Na hapa Pwani hewa ina unyevu, biskuti ukiiacha wazi usiku mmoja asubuhi imelegea, ukiifungia moto nayo yatoa jasho ndani ya mkebe. Kwa hivyo zipoe kabisa, kabisa, ndio zitiwe mkebe wa bati wenye kifuniko cha kubana, karatasi kati ya safu na safu. Zakaa wiki mbili. Zikilegea zirudishe ovenini dakika tano moto mdogo.

Za sahani za majirani zitenge siku ile ile na uzifiche, mkebe mwengine, juu ya kabati, na uandike kwa kalamu ni za nani, maana ifikapo usiku wa kuamkia Idi watoto waliozipika wote watakuwa na haki ya kuonja na hakuna atakayekumbuka alionja mara ngapi. Miezi nzuri iwekwe juu, zile zilizovunjika chini, na yule aliyekata ndiye apeleke sahani, asiwe mtu mwengine, hapo mtagombana.